Rola ya tanga la mbele kwenye boti ya futi 26: nichukue ipi, na nitaifungaje hapa Tanga?

Chelezo

Wakuu habarini za majukumu.

Nina boti ya tanga, Westerly Centaur ya futi 26, naiweka hapa Tanga. Wanaozijua wanazijua: Waingereza walizitengeneza kuanzia 1969 hadi 1980, zina mikuku miwili (ile miti ya chini ya chombo), maji yakitoka inakaa wima juu ya mchanga bila kuegemezwa na gogo. Kwa pwani hii ambayo bamvua inaondoka na maji mita tatu na ushee, hilo peke yake lilinitosha kuinunua.

Kero yangu ni tanga la mbele. Bado ni lile la vibanio vya shaba, unavalisha kimoja kimoja kwenye waya wa mbele unaoushikilia mlingoti. Msimu wa kusi tukivuka kwenda Pemba, asubuhi tunatoka na tanga kubwa kwa upepo mwanana. Ikigonga saa tano tuko katikati ya mkondo, bahari imeshabadilika sura, na mtu lazima aende omoni, kule mbele kabisa ya boti, akapige magoti, alishushe kubwa, avalishe dogo. Mtu mwenyewe ni mimi au mpwa wangu, na mmoja hawezi kuuachia usukani.

Kwa hiyo nataka rola, lile tanga linaloviringika kwenye waya wa mbele ukivuta kamba umekaa zako nyuma. Nauliza: ninunue mpya au ya mtumba? Tanga nililonalo linaweza kushonwa upya likafaa? Na kazi ya kufunga, inawezekana Tanga hapa hapa bila kreni?

Nawasilisha.

Mwana Nungwi

Mkuu, mimi wa madau, labda sitakiwi kwenye uzi huu, lakini naingia.

Hilo lidude utakaloliweka juu ni chuma na alumini, uzito mbele na uzito juu, kila saa ya kila siku, hata ukiwa umetia nanga. Na unalipia pesa nyingi kukwepa kwenda omoni. Sasa hapo kuna dawa ya kamba moja tu. Funga kapi dogo (puli) pale chini ya waya wa mbele, pitisha kamba nyembamba kutoka kichwa cha tanga, ishuke ndani ya vile vibanio, ipite kwenye kapi, irudi hadi mkononi kwako nyuma. Unaachia henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, unavuta ile kamba, tanga lote linashuka na kubanwa sitahani. Hujainuka ulipokaa.

Hiyo imeshindikana nini?

Fundi wa Mtwapa

Shikamoo wakubwa. Aliyetangulia kasema kweli na asipuuzwe. Kamba ya kushushia ni rahisi, haiharibiki, na kwa boti ya futi 18 au 20 ya kuzunguka hapa karibu mimi humwambia mteja afanye hivyo hivyo, pesa ya rola akanunulie tanga jipya.

Ila haijibu shida ya mwenye uzi. Yeye hataki kulitua tanga tu, anataka *kulipunguza* akiwa katikati ya mkondo, aendelee na safari. Kamba ya kushushia inakupa tanga zima au hakuna kitu. Kulivalisha lile dogo bado utaenda omoni.

Na hapa ndipo watu hununua kitu kisicho chake, maana rola ziko za aina mbili na wengi huzichanganya. Kuna ya zamani ambayo tanga lenyewe lina waya wake ndani ya dasi (kamba ya ukingo wa mbele), chini kuna ngoma ndogo ya kuzungushia kamba, juu kuna kizungusho. Wykeham Martin ni ya namna hiyo, imekuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na hadi leo inatengenezwa. Nzuri, nyepesi, nafuu. Lakini hiyo ni ya kukunja lote au kufungua lote. Ukijaribu kulisimamisha nusu, chini linaviringika na juu linabaki limelegea, kwa sababu waya unajisokota bila kufikisha mzunguko kichwani.

Ya pili ndiyo unayoitaka: bomba refu la vipande vya alumini linalovikwa juu ya waya wa mbele, lina mfereji, dasi ya tanga inateleza humo ndani. Ukivuta kamba, ngoma na bomba zima kutoka chini hadi juu vinazunguka kwa pamoja. Hiyo unaweza kuisimamisha nusu ukasafiri nayo.

Kuhusu tanga lako: linashonwa upya, ndiyo. Linaondolewa vibanio, linawekewa dasi ya unene unaoingia kwenye mfereji wa rola uliyoinunua. Ndiyo maana unanunua rola kwanza, unapeleka tanga kwa fundi cherehani baadaye, tena unampelekea na kipande cha bomba akijaribie. Halafu linashonewa mkanda wa kitambaa cha jua kwenye ukingo wa nyuma na wa chini, ili likishaviringika mkanda ule ndio ubaki nje. Kwa jua letu usikubali tanga la rola lisilo na mkanda. Wa kwanza kuoza ni uzi wa mshono, kitambaa bado kizima.

Chelezo

Asante sana fundi, sasa naanza kuelewa. Kwa hiyo ni ya bomba. Chapa gani?

Mmaskati

Ndugu zangu salaam kutoka Oman. Huku kwetu na Dubai boti ni nyingi, nimeona karibu zote zikifunguliwa na kufungwa.

Kwa ukubwa wako utakutana na Harken, Profurl, Furlex ya Seldén wa Sweden, Facnor, Plastimo, na kutoka Marekani Schaefer na CDI. Zote zinafanya kazi. Tofauti inayokuhusu wewe wa Tanga ni matunzo.

Harken ina gololi za plastiki ngumu zilizo wazi. Hiyo haitaki grisi kabisa, inataka maji baridi: unaisuuza chumvi itoke, basi. Ukiipaka grisi unaitengenezea gundi ya mchanga. Furlex kinyume chake, ina tundu za kutilia grisi na usipoitia inalia. Profurl beringi zake zimefungwa ndani na sili, huzigusi, ila siku sili ikifa hujui mpaka imeshika kutu. Plastimo ndogo ni nafuu, kwa tanga dogo inatosha.

CDI ni ya kipekee: badala ya alumini ina mrija wa plastiki unaopinda, na kamba ya kutwekea tanga iko ndani ya mrija wenyewe, inazunguka nao. Watu wa boti ndogo wanaipenda kwa sababu ni nyepesi na mlingoti unaweza kuulaza bila kuvunja bomba. Ubaya wake, kulishusha tanga ni shughuli, si jambo la kufanya baharini upepo ukivuma.

Ya mtumba? Chukua ukipata, lakini bomba liwe refu kuliko waya wako, kamwe lisiwe fupi. Kukata ni rahisi. Kuunga kipande cha modeli iliyoacha kutengenezwa miaka iliyopita ni kilio.

Fundi wa Mtwapa

Mmaskati kamaliza. Mimi naongeza kwamba wateja hutumia wiki wakibishana chapa, halafu rola inafungwa kwa saa mbili na mtu asiyetazama juu. Nimefungua rola nyingi zilizoharibika. Sikumbuki hata moja ambayo mwenye kosa alikuwa kiwanda.

Kosa linakuwa kwenye kamba ya kutwekea.

Nifuateni taratibu hapa, maana boti ya Chelezo ina mlingoti ambao waya wa mbele unafika hadi kileleni kabisa, na hizo ndizo zenye ugonjwa huu. Kamba ya kutwekea inatoka kileleni, inashuka hadi kwenye kizungusho cha juu. Kizungusho kina sehemu mbili: ya ndani inazunguka na bomba, ya nje imeshikwa na kamba, haitakiwi kuzunguka. Sasa kama kamba inashuka sambamba na waya, imeulalia, hakuna kinachoizuia. Unavuta kuviringisha tanga, sehemu ya nje inaburutwa nayo, kamba inajisokota juu ya bomba mara moja, mara mbili, inakaza, rola inagoma.

Aliyeko nyuma anaona nini? Anaona tanga limeviringika kidogo halafu limekwama. Anadhani ni upepo. Anapeleka kamba ya rola kwenye winchi.

Winchi haijui huruma. Kitu kinachofuata kuzunguka ni waya wenyewe. Niliwahi kushusha waya wa boti moja iliyopita hapa. Kwa nje, chini, unang'aa kama mpya. Juu, pale unapoingia kwenye kikombe cha ncha, ulikuwa umefumuka kama kamba ya makumbi iliyosokotwa kinyume. Waya wa nyuzi 19, na zile za pembeni zimeshakatika na kuchomoza. Kilichokuwa kimeusimamisha mlingoti ule ni nyuzi za kati na kamba ya kutwekea.

Dawa: kamba itoke kwenye waya kwa pembe. Digrii 8 hadi 10 ndicho kipimo wanachokitaka watengenezaji wengi, na kizungusho kikae juu kabisa ya bomba, karibu na mwisho wake. Kama mlingoti haukupi pembe hiyo, unafunga kibao chenye tundu au kikapi kwenye uso wa mlingoti, chini kidogo ya kilele, kamba inapita hapo kwanza ikirudishwa nyuma, ndipo iende kwenye kizungusho. Kisiirudishe mno, ikipinda sana itasuguka. Na kama tanga lako ni fupi, kizungusho kinaishia chini, basi kiongezee kipande cha kamba isiyovutika kati ya kichwa cha tanga na kizungusho, ili kizungusho kifike juu.

Profurl wanaweka kizuizi chao wenyewe juu ya bomba kwa ajili hii hii. Bado angalia.

Kitu kingine kidogo ambacho kimewaliza watu: kama una kamba ya akiba inayoshuka mbele ya mlingoti, usiifunge omoni karibu na rola. Tanga litaiokota wakati linaviringika na utarudi pale pale. Ipeleke chini ya mlingoti.

Mwana Nungwi

Sasa hapo fundi umenitisha badala ya kunishawishi. Kamba moja ikikaa vibaya mlingoti unaanguka!

Fundi wa Mtwapa

Kaka, foromali, ule mti unaobeba tanga la dau, nayo ikikatika henza huangukia watu. Kila chombo kina pale pa kutazamwa.

Ziwani Mwanza

Naomba kuuliza, sisi huku ziwani maji baridi hatuna chumvi lakini dhoruba inakuja ghafla mchana kweupe. Boti ninayoiendesha ina rola tayari. Nikilipunguza tanga nusu linakuwa na tumbo, boti inalala sana na haiendi bisho, yaani kuukabili upepo. Rola mbovu?

Fundi wa Mtwapa

Rola nzima, tanga ndilo. Tanga limekatwa na tumbo katikati ili livute. Ukiliviringisha, kingo za juu na chini zinaisha mapema, katikati kunabaki kitambaa cha ziada, ndilo tumbo unaloliona, tena kwenye upepo mkali ambako ungetaka liwe bapa. Mwambie mshonaji aweke godoro jembamba la sponji au kamba kadhaa kando ya dasi, nene katikati, zikififia kuelekea juu na chini. Katikati ya roli, yaani tanga lililoviringika, inakuwa nene, inakula kitambaa kingi, tumbo linapungua. Hata hivyo usitegemee zaidi ya kulipunguza kama thuluthi moja hivi. Zaidi ya hapo tanga linalobaki halina umbo, na unakuwa na roli nene mbele linalokamata upepo.

Pia ukishalipunguza, sogeza mbele kapi la kamba ya demani, ile inayovuta kona ya nyuma ya tanga. Watu husahau hiyo. Tanga limekuwa dogo, kona yake ya nyuma imepanda na kusogea mbele, lakini kapi limebaki pale pale. Kamba inavuta ukingo wa chini tu, juu kunafunguka na kupepea.

Chelezo

Nimepata Furlex ya mtumba kutoka kwa jamaa anayeuza boti yake Dar, bomba lake ni refu kuliko waya wangu. Nimeamua hiyo. Sasa tuje kwenye kufunga. Mlingoti wangu naweza kuulaza, vijana wapo.

Fundi wa Mtwapa

Vizuri, kulaza ni bora kuliko kupandishana juu. Subiri maji mafu, isiwe bamvua, uwe na siku nzima bila boti kuinuka na kucheza. Mlingoti uulaze kwenye magogo matatu, usiwe na mbonyeo katikati.

Waya wa zamani tupa. Usivike bomba juu ya waya usiojua umri wake, maana ukishavikwa hutauona tena. Na kwa kuwa mashine ya kubana ncha za waya huku kwetu ni ya kuitafuta, chukua ncha za kufunga kwa spana, kama Sta-Lok. Unafumua nyuzi, unaingiza koni katikati, unarudisha nyuzi juu yake, unakaza. Mtu mwenye subira anaifanya kivulini nyumbani kwake, na unaweza kuifungua ukaitazama tena.

Chini ya ngoma lazima kuwe na kiungo kinachocheza pande zote mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia. Hiki wengi hukiruka wakiona kinaongeza urefu. Tanga likijaa upepo, waya unasukumwa pembeni. Bila kiungo kile, pini inapindishwa kila wimbi, huku na huku, mpaka ichoke.

Skrubu za stenlesi zinazoingia kwenye alumini zipake dawa ya kutenganisha metali, Duralac au Tef-Gel. Bila hiyo, baada ya misimu michache utakuta unga mweupe umejaa kwenye nyuzi za skrubu na hakuna bisibisi ya dunia hii itakayoitoa. Skrubu za kuungia bomba nazo zitie gundi ya kuzuia kulegea, kwa kuwa zitatetemeka usiku kucha ukiwa nangani.

Kisha kamba ya rola. Iingie kwenye ngoma kwa pembe mraba na waya, katikati ya ngoma. Kapi la kwanza likikaa juu au chini mno, kamba itarundikana upande mmoja na kujibana yenyewe. Milimita 8 inatosha kwako na inashikika mkononi. Ukiijaza kwenye ngoma, izungushe kinyume na tanga linavyoviringika, na hakikisha kwanza mkanda wa jua utatokea nje. Jaribu kwa mkono kabla ya kufunga chochote. Tanga likiwa limeviringika lote, pamoja na mizunguko miwili mitatu ya kamba za demani juu yake, ngoma ibaki na akiba ya kamba, kwa sababu kwenye upepo mkali linaviringika kwa kubana zaidi na kula mizunguko mingi.

Mwisho kaza waya wa nyuma. Waya wa mbele uliolegea unapinda, na bomba lililopinda halizunguki vizuri.

Mwana Nungwi

Swali la mwisho kutoka kwa mpinzani. Kusi limepanda, tanga liko nje lote, rola imekataa. Unafanyaje?

Fundi wa Mtwapa

Kwanza huvuti kwa nguvu. Mkono ukishindwa, simama, tazama juu. Geuza boti upepo uje kwa nyuma, tanga la mbele lijifiche kwenye kivuli cha tanga kubwa, mzigo unapungua, jaribu tena huku kamba ya demani umeishikilia kidogo ili roli libane.

Likikataa na liko nje lote, unaachia kamba ya kutwekea na kulishusha kama zamani. Ndiyo maana kamba hiyo haifungwi moja kwa moja na kusahauliwa, na ndiyo maana mfereji wa bomba unasafishwa.

Kibaya ni likikwama nusu. Hapo haliwezi kushuka. Unaweza kwenda omoni ukazungusha ngoma kwa mikono, ukiwa umejifunga kamba kiunoni. Au washa injini, zungusha boti duara upande unaofaa, tanga lijifunge lenyewe kwenye waya kwa upepo. Linakuwa baya kutazama lakini linatulia, unalifunga kwa kamba unaondoka.

Mwana Nungwi

Hiyo ya kuzunguka duara nimeipenda. Mimi nabaki na kamba yangu ya kushushia, lakini sasa najua wenzetu mnahangaika na nini.

Mmaskati

Chelezo, usisahau hili: rola ikikatika kamba usiku, tanga linajifungua peke yake na boti inaanza kusafiri juu ya nanga. Ukiiacha boti siku nyingi, hasa masika, shusha tanga lote uliweke ndani. Ukiona uvivu, basi angalau lizungushie kamba nyingine kifuani.

Chelezo

Nimeandika yote kwenye daftari. Fundi, moja tu: bomba nalikata kwa kufuata urefu wa waya wa zamani, au?

Fundi wa Mtwapa

Hapana. Ule wa zamani umeshavutika, na kiungo cha chini ya ngoma kinabadilisha hesabu. Tengeneza waya mpya kwanza, usimamishe mlingoti, kaza waya zote kama utakavyosafiri, pima pini hadi pini, ndipo ulaze tena ukate. Ni kulaza mara mbili, vijana watanung'unika. Waandalie chakula.

Furlex ina jedwali la vipimo kwenye kitabu chake, mwombe muuzaji. Kama kakipoteza, niandikie namba iliyo kwenye ngoma.

Chelezo

Kitabu kipo, ila ni cha Kiswidi.

Fundi wa Mtwapa

Namba ni namba. Piga picha ukurasa wenye mchoro, tupia hapa.